Namba Tisa Haimo

Jumatatu, 22 Januari

Karatasi mpya ya ofisi ya lifti imetoka. Wamebandika kituo cha basi, mlango wa kanisa, hata choo cha kituo cha juu. "Njia nyekundu za kujaribu." Njia za bluu ni za wanaojifunza kuteleza kwenye theluji. Nyeusi ni za wanaotaka kuzikwa. Nyekundu ni za watu wa kawaida, na watu wa kawaida ndio wengi.

Njia saba. Nikahesabu kwa kidole. Nikarudia. Namba tisa haimo.

Namba tisa ndiyo inayoshuka kutoka lifti yangu. Viti vya watu wawili wawili vinavyoning'inia kwenye waya, vya mbao, vya zamani. Ya kwanza kwenye karatasi ni namba nne, ya shemeji yangu Ingenuin, kaka wa marehemu mke wangu. Yeye anaendesha vibanda vya kioo, watu kumi kila kibanda, unakaa makalio yanapashwa moto. Wamemtia na picha. Anacheka kama njia kaizaa yeye.

Nikaenda ofisini kwa Thekla. Binti mwenye heshima, nilimjua akiwa na kamasi. Akanikaribisha kiti. Ofisini ukikaribishwa kiti, ujue kuna msiba. Akasema namba tisa inapata watu thelathini na wanane kwa siku. Msimu ujao mashine ya kusawazisha theluji haitapita tena kule. Nguzo za alama zitang'olewa. Si yeye, ni hesabu. Nikamuuliza hesabu inataka nini. Akasema nimwonyeshe watu mia mbili. Siku moja tu, kabla ya Jumamosi. Jumamosi jioni inachapwa karatasi ya mwisho, ile ya rangi.

Walburga wangu aliteleza namba tisa kila siku ya msimu, miaka ishirini na minane. Alikuwa anasafisha vyumba nyumba ya wageni. Anamaliza saa nane mchana, anapanda kiti changu, anashuka. Huu ni msimu wa tatu bila yeye. Nguo zake nimegawa. Kaburi nalitunza mimi. Saa ya ukutani naitunza mimi. Namba tisa ndiyo kitu chake pekee ambacho bado kinatunzwa na watu wengine. Mashine ikiacha kupita, miaka mitano tu, miti imeota katikati.

Jambo jingine. Naandika kwa sababu daftari halina mdomo. Mimi sijawahi kuteleza. Hata mara moja. Nilitoka kiwanda cha mbao kule chini bondeni, nikapewa lifti, miaka thelathini na mmoja leo. Asubuhi napanda kwa kiti kukagua, nashuka kwa kiti. Watu wanadhani nimeteleza mpaka nimekinai. Sijawahi kuwakatalia.

Jumanne, 23 Januari

Nimeandika karatasi yangu mwenyewe. Boksi la soseji, rangi ya kuandikia nguzo. "Njia nyekundu za kujaribu, na ukweli wake."

Namba mbili: nzuri kwa mtu anayetaka kusinzia. Namba nne: nzuri mpaka saa nne asubuhi, baadaye ni magunia ya unga yanayobingirika. Namba sita: jua linaipiga, ikifika saa sita mchana ni uji. Namba tisa: kivuli siku nzima, theluji kavu. Juu kabisa upepo unakupiga kofi. Halafu misonobari miwili. Halafu ukuta mfupi, mteremko mkali, magoti yanakuuliza kama una akili. Halafu bonde dogo, upepo unakatika ghafla, unasikia moyo wako mwenyewe.

Maneno ya Walburga hayo. Nilikula nayo supu miaka ishirini na minane. Nimeyakumbuka yote.

Nikaning'iniza boksi kituo cha basi. Familia ya Waholanzi walisimama, baba akasoma kwa sauti, wakanitazama, wakapanda basi la namba nne.

Saa saba Ingenuin akaja na boksi langu kwapani. Akaniambia shemeji, umesahau jambo. Akanionyesha. Chini ya namba tisa alikuwa ameandika kwa penseli: "Njoo na blanketi na padri. Lifti inafika keshokutwa." Nikamwambia mtu anayekalia kiti cha moto kazini asijadili mambo ya wanaume. Akasema wanaume wako wapi, maana haoni foleni.

Alipoondoka niliisoma tena ile penseli. Mwandiko wake ni kama wa dada yake. Herufi zimelala kushoto, kama zinasukumwa na upepo. Sikuifuta.

Watu arobaini na mmoja. Watatu zaidi ya jana. Boksi linafanya kazi.

Jumatano, 24 Januari

Halifanyi.

Asubuhi alikuja mama mmoja Mjerumani, Gerlinde, mwalimu mstaafu, kofia nyekundu, mbao zake za kuteleza ni za zamani lakini zimepakwa nta vizuri. Alisoma boksi. Akasema amependa lilivyoandikwa, halipambi. Nikavimba. Akauliza, baada ya misonobari njia inagawanyika, aende kushoto au kulia?

Walburga hakuwahi kusema inagawanyika.

Ningeweza kusema sijui. Foleni ilikuwa ya watu watatu, wote wananitazama. Nikasema kushoto. Nikaisema kama mtu aliyeichimba mwenyewe.

Saa nane alirudi kwa miguu. Mbao begani, suruali imelowa mpaka magotini, imeanza kuganda, inalia kama karatasi. Akaniambia kushoto ni mto, bwana. Nikasema mto huwa umeganda. Akasema ndiyo, juu juu. Akakaa kwenye benchi langu bila kuomba ruhusa, akavua kiatu, akamwaga maji karibu na kiatu changu. Akauliza kama mimi nimewahi kushuka hiyo njia. Nikamjibu nilianza kushuka kabla yeye hajazaliwa. Akasema alizaliwa mwaka hamsini na nane. Mimi ni wa sitini na tatu.

Nikampa supu. Donge la jibini moja, nikafikiri, nikaongeza la pili. Alikula polepole. Kisha akasema amefundisha watoto miaka arobaini, na mtoto ambaye hakusoma kitabu humtambua kwa jinsi anavyokisifia. Nikakoroga sufuria.

Alipoondoka akasema pamoja na hayo yote, lile bonde dogo ni kweli. Alisikia moyo wake.

Watu thelathini na sita.

Alhamisi, 25 Januari

Leo nimeishuka namba tisa. Kwa miguu.

Nilipanda na kiti cha ukaguzi kukiwa kumepambazuka tu, lifti haijafunguliwa. Nikasema kama nitaulizwa tena, nijue. Mashine ilikuwa imepita usiku. Theluji ina mistari kama suruali iliyopigwa pasi. Nikaanza kushuka.

Upepo wa juu, upo. Misonobari miwili, ipo, mmoja umepigwa radi, hilo hakulisema. Njia inagawanyika kweli. Kulia ndiko watu wote hupita. Ukuta niliushuka kwa makalio. Bonde dogo, nikasimama. Upepo ukakatika. Moyo niliusikia, lakini mimi nilikuwa nimechoka, huenda ni hilo.

Kuna jambo Walburga alilisema kila jioni. Akiweka sahani, akisema: "Nimekuona njia nzima leo. Tangu juu mpaka chini kibanda chako kiko mbele yangu." Sasa nilikuwa nageuza shingo tangu juu. Kibanda hakionekani. Kwenye misonobari hakionekani. Kwenye ukuta hakionekani, kuna mlima katikati. Bondeni unaona anga. Kibanda kinatokea mwishoni kabisa, ukikunja kona ya mwisho. Hatua arobaini. Nilizihesabu.

Miaka ishirini na minane sikuwahi kusinzia kazini saa nane mchana. Nilikaa wima. Nilinyoa ndevu kila siku. Sikuvuta sigara mpaka apite. Nilidhani natazamwa.

Nilijaribu kukasirika pale. Nikasimama muda mrefu kidogo. Hasira haikuja.

Baadaye ndiyo nikafikiria nyayo. Mtu mzito, theluji iliyopigwa pasi, baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Kila hatua ni shimo, kila shimo limeganda kama bakuli. Kutoka juu mpaka chini. Na pale kwenye ukuta kuna mfereji wa upana wangu. Wateja wa kwanza walishuka wanarukaruka. Mmoja alisema ameuma ulimi. Dereva wa mashine alikuja kunifokea, akauliza ni ng'ombe gani amepita. Nikamwambia nimeona ng'ombe. Akauliza Januari? Nikasema na mimi nilishangaa.

Watu ishirini na tisa. Wengi hawakurudia.

Ijumaa, 26 Januari

Hatimaye akili.

Geti linahesabu anayepita. Halimuulizi anakwenda kufanya nini juu. Hakuna sheria inayosema lazima ushuke kwa kuteleza. Unaweza kushuka na kiti. Nani ajuaye hilo kuliko mimi?

Nikamwendea Notburga wa kwaya ya kanisa. Ana watu kumi na watano, wote wazee, wote wana kadi ya msimu ya wenyeji ambayo hawaitumii. Nikamwambia nataka wapande, washuke, wapite geti, wapande tena. Akauliza ni kwa ajili ya nini. Nikasema afya. Akanitazama vile anavyomtazama mtu wa sauti ya nne anapoimba ya tatu. Nikasema basi, kuni. Nitapasua kuni za nyumba ya padri na za kwake mpaka Pasaka. Akasema saa tatu tutakuwepo.

Walikuja na blanketi, chupa za chai, maandazi ya kanivali yenye jamu ndani. Mzunguko wa kwanza walilalamika. Wa pili wakanyamaza. Wa tatu wakaanza kuimba. Kiti cha mbele kinaanza, cha nyuma kinapokea, wimbo unazunguka na waya, sauti za kike zinapanda, besi zinashuka. Mzee mmoja hajatoka nyumbani kwake tangu Krismasi. Aliniambia kumbe bonde bado lipo.

Katikati ya mchana akaja Ingenuin. Kwake kulikuwa na foleni, ameiacha. Alisimama mikono mfukoni akitazama Notburga anapita juu ya kichwa chake na andazi mkononi. Akaniuliza shemeji, hawa ni wateja au ni mazishi? Nikasema ni wateja. Akasema mbona hawana mbao. Nikasema wanazo nyumbani. Notburga akamwita kutoka juu, Ingenuin, we mwanamume, panda au ondoka, unaziba mandhari. Akapanda. Mzunguko mmoja. Aliposhuka alikuwa na sukari kwenye masharubu na hakunikejeli tena.

Jioni nikasoma namba ya geti. Mia mbili kumi na tano. Nikaisoma mara tatu. Nimeandika kwa wino.

Jumamosi, 27 Januari

Geti linasoma kadi. Hilo sikulijua. Miaka minne lipo mbele ya pua yangu, sikulijua.

Thekla alikuja mwenyewe asubuhi na karatasi ndefu. Kadi kumi na tano, kila moja mara kumi na mbili. Akasoma majina. La tatu lilikuwa la mama yake. Nilisubiri anifukuze kazi. Akaanza kucheka, akashika mlango. Akasema mama yake jana jioni alikula sahani mbili, akaimba akiosha vyombo. Akasema ofisi imekaa, imeamua. Lifti yangu itabaki. Itakuwa ya wazee na watembeaji, kiangazi na baridi, blanketi bure. "Umeiokoa lifti, mzee Serafin." Akanipa mkono.

Nikauliza, na njia?

Akasema njia hapana. Wale hawatelezi.

Nikamwambia mimi sikutaka lifti. Akauliza nilitaka nini basi. Ningesema nini? Kwamba kuna mahali hatua arobaini kutoka hapa? Nikasema njia ni nzuri. Akanitazama. Akasema sawa, ana mbao zake garini. Nimpeleke sasa hivi, tushuke pamoja, nimwonyeshe huo uzuri. Akiupenda ataiweka.

Nikashika goti. Nikasema leo goti.

Akasema wiki nzima amesikia habari za goti, ila za mguu mwingine.

Ingenuin alikuwa mlangoni. Amekuja kuniona nikifukuzwa, nadhani. Nikajua ndiyo basi, sasa atanimaliza. Akasema: "Thekla, mwache huyu. Hiyo njia hashuki na mtu. Tangu dada yangu afe, hashuki na mtu. Nitakupeleka mimi." Akachukua mbao zake. Aliponipita hakunitazama usoni. Alitazama goti.

Walipotea nusu saa. Nilikaa wima.

Walitokea kwenye kona ya mwisho, Ingenuin mbele, Thekla nyuma, mashavu mekundu. Thekla akasema walisimama bondeni, Ingenuin akamsimulia habari za Walburga, mambo ambayo yeye hakuyajua. Akasema ataiweka. Ya nane kwenye karatasi ya njia saba, ya mwisho kabisa, msimu mmoja kwa majaribio. Akaenda zake kuwahi kiwanda cha kuchapa.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza Ingenuin anajua tangu lini kwamba sitelezi. Akasema tangu mwaka wa harusi yetu. Walburga alimwambia, akamwapisha. Akasema: "Kila siku nakutafutia tusi, shemeji, na hilo lipo mfukoni linaniwasha. Unajua ni kazi ngumu kiasi gani?"

Nikatafuta la kumjibu. Nikamwambia vibanda vyake vinanuka soksi. Akasema anajua.

Jumapili, 28 Januari

Karatasi ya rangi imetoka. "Namba tisa: tulivu, yenye kivuli, theluji kavu. Jaribu." Jua kali, hakuna wingu. Watu wamejaribu.

Mia mbili thelathini na mmoja. Kadi mia mbili thelathini na moja, kila moja ya mtu wake. Geti halikunyamaza.

Saa tano ukuta ulikuwa umekwanguliwa mpaka barafu inaonekana. Kijana mmoja alishuka na redio mgongoni. Waholanzi wa Jumanne walikuja, wakatandika kitambaa chini ya misonobari, wakala soseji. Ngozi za machungwa kwenye theluji, nimeziona kutoka kiti cha ukaguzi. Kwenye bonde dogo watu walikuwa wanapiga picha na kuitana. Mmoja alikuwa anapima mwangwi. Nani atasikia moyo wake pale?

Saa nane mchana nilikaa wima kama kawaida, nikatazama kona. Wakatokea watu. Wakatokea wengine. Kofia za kijani, za bluu, za njano, mfululizo, hakuna nafasi katikati hata ya mtu mmoja.

Ingenuin alikuja jioni na chupa ya pombe ya peasi. Kwake leo kumepungua, amepumzisha miguu. Akanipongeza, nadhani kwa moyo. Akasema umeshinda shemeji, umefurahi? Nikasema nimefurahi. Tukanywa. Akasema kesho itakuwa zaidi ya leo.

Nimefikiri tangu alipoondoka. Kosa la wiki hii si akili, ni kwamba mipango ilikuwa midogo. Huu ni mkubwa na hauhitaji mtu mwingine.

Sheria inasema upepo ukipita kilomita sitini kwa saa, viti visimame, njia ifungwe. Kipimo kiko kwenye nguzo ya kibanda changu. Anayekisoma ni mimi. Anayeandika kitabuni ni mimi. Mashine itaendelea kupita usiku, nguzo zitabaki, jina litabaki kwenye karatasi. Watu tu ndio hawatakuwepo. Si kila siku. Siku tano kwa wiki zinatosha, mtu asishuku.

Redio imesema kesho shwari bonde zima. Redio haikai huku juu.

Nimeshaandika. Jumatatu, saa tatu asubuhi, kilomita sitini na tano, kutoka kaskazini.